Nusu inchi siyo milimita 12.7: tuache kubadilisha vipimo kwa kikokotoo



Leo sina mbinu ya kupata wafuasi elfu kumi kwa wiki. Nina jambo la vipimo, na najua kuna wanaotaka kupita. Kama unauza mikoba au mafuta ya nywele, pita tu kwa amani. Ila kama unauza kitu chochote kinachofungwa, kinachochomekwa, kinachokazwa kwa spana au kupigiliwa juu ya paa, kaa hapa dakika chache. Hapo ndipo mizigo inaporudi, na nauli ya basi ya kurudisha mzigo mteja hailipi, unalipa wewe.

Mimi nauza vifaa vya bomba na vitu vidogo vidogo vya ujenzi kwa simu. Duka ni chumba kimoja, wateja wengi wako mikoani. Uhandisi sijasomea, nimeishia kidato cha nne. Ninachokijua nimekipata kwa mafundi, kwa kupima mzigo kabla ya kuupiga picha, na kwa kusoma makaratasi ya viwanda usiku wakati wengine wanaangalia mpira. Kwa hiyo hapa anaongea muuzaji.

Siku hizi kila nikifungua kurasa za wenzetu naona maelezo ya namna hii: "Koki ya nusu inchi (12.7mm), original, bei poa." Mtu kachukua nusu, kazidisha mara 25.4, kapata 12.7, kaweka kwenye mabano ili posti ionekane ya kitaalamu. Hesabu yenyewe haina kosa. Inchi moja ni milimita 25.4 kamili, hilo Waingereza, Wamarekani na wenzao walikubaliana mwaka 1959. Lakini kwenye hiyo koki, hakuna sehemu hata moja yenye milimita 12.7. Hakuna kabisa. Umemwandikia mteja kipimo ambacho hakipo kwenye bidhaa.

Usiniamini mimi. Chukua kipande cha bomba la chuma la nusu inchi, lile la GI, upime kwa venia. Nje utapata kama milimita 21.3. Ndani, kwa bomba la unene wa kawaida, utapata kama 16. Sasa hiyo nusu inchi iko wapi? Haipo. Zamani, mabomba yalipokuwa yanatengenezwa kwa kuta nene, tundu la ndani lilikaribia nusu inchi kweli, ndiyo jina likatoka hapo. Vyuma vikawa bora, kuta zikapungua unene. Viwanda havikuweza kupunguza upande wa nje kwa sababu fitingi zote mitaani zilishatengenezwa kwa ule upande wa nje. Kwa hiyo nje pakabaki palepale, tundu likapanuka, na jina likaendelea kuitwa nusu inchi mpaka leo.

Ndiyo maana nasema nusu inchi kwenye bomba ni jina la ukoo. Mtu anaweza kuitwa Mrefu na akawa mfupi, hakuna anayechukua tepu kwenda kumpima. Ukibadilisha jina la ukoo kwa kikokotoo unapata upuuzi.

Halafu njoo kwenye PPR, yale mabomba ya plastiki ya kuchomelea kwa moto. Haya yamezaliwa kwenye milimita. Bomba la 20 ni milimita 20 kweli, unapima nje. Fundi wa mtaani anaita "nusu" kwa sababu linafanya kazi ya nusu inchi. La 25 anaita robo tatu, la 32 anaita inchi moja. Na kichekesho ni kwamba PPR ya 20 yenye ukuta mnene wa milimita 3.4 ina tundu la 13.2. Yaani bomba ambalo halijawahi kujiita inchi ndilo tundu lake linakaribia nusu inchi ya kweli kuliko la chuma lenye jina lenyewe!

Sasa hizi familia mbili zinakutanaje ndani ya nyumba moja? Zinakutana kwenye fitingi inayoandikwa 20 × ½. Upande mmoja laini, unachomelea bomba la milimita 20. Upande wa pili una tredi ya shaba ya nusu inchi, unafunga koki. Kila upande umebaki na kipimo chake na vyote viwili vimeandikwa mwilini mwa kifaa. Kwangu mimi hicho kidude kidogo kina akili kuliko mijadala yote ya milimita na inchi. Aliyekibuni hakugeuza nusu inchi kuwa 12.7 wala hakulazimisha koki za dunia nzima zibadilike. Aliweka kila kipimo pale kinapofanya kazi, akaandika wazi.

Hivyo ndivyo ninavyotaka tuandike posti zetu. Lakini kwanza kuna mtego mmoja umekula mtaji wa watu.

Namba 20 ina maana mbili. Kwenye PPR ni milimita 20 za nje, ambayo kwa fundi ni nusu. Lakini kwenye katalogi nyingi za viwanda utakuta DN, kwa herufi kubwa. DN15 ndiyo nusu inchi. DN20 ni robo tatu. DN25 ni inchi moja. Hiyo namba ya DN nayo ni jina tu, haipimwi na rula. Wachina wengine kwenye PPR wanaandika De20 au dn20 kwa herufi ndogo wakimaanisha kipenyo cha nje. Herufi kubwa na ndogo tu, na mzigo unabadilika.

Kuna kijana mwenzangu tunafahamiana, aliagiza valvu za kufunga na kufungua maji, za shaba, akaandika DN20 kwa sababu wateja wake wote wanatumia bomba la 20. Kiwanda kikamtumia DN20 sawasawa. Robo tatu tupu. Alikuwa ameshawaahidi mafundi watatu, ameshapokea na malipo ya awali. Kiwanda hakina kosa, kilichoandikwa ndicho kilichokuja. Mpaka leo anazitoa moja moja kwa watu wa matanki, na ule mtaji ungezunguka mara ngapi kwa muda huo, piga hesabu mwenyewe.

Tuje kwenye tredi, hapa ndipo penye maji hasa.

Huku kwetu, kama ilivyo Uingereza, Ulaya na sehemu kubwa ya dunia, tredi ya bomba ni ile ya Kiingereza, BSP. Marekani na Kanada wana ya kwao, NPT. Zote zinaitwa nusu inchi. Zote zina meno 14 kwa kila inchi kwenye saizi ya nusu na ya robo tatu. Ukizishika mkononi zinafanana kama pacha. Lakini jino la Kiingereza limekatwa kwa pembe ya nyuzi 55 na la Kimarekani kwa nyuzi 60, na upana wa nje nao hauko sawa: ya Kiingereza ni milimita 20.96, ya Kimarekani 21.34. Ukifika inchi moja hata idadi ya meno inaachana, Mwingereza 11, Mmarekani 11 na nusu.

Hii tofauti ni ya zamani mno. Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza tredi ya aina moja kwa karakana zote za kwao, pembe 55. Mwaka 1864 Mmarekani William Sellers akasema pembe 60 ni rahisi zaidi kukata na kukagua, nchi yake ikamfuata. Wote wawili walikuwa wanatumia inchi! Kwa hiyo anayefikiri ugomvi ni kati ya inchi na milimita peke yake bado hajaona kitu. Hata ndani ya inchi kuna koo mbili. Bolti ya nusu inchi ya Whitworth ina meno 12 kwa inchi, ya Kimarekani ya kawaida ina 13.

Kibaya cha tredi ya nusu ni kwamba ya Kimarekani inaingia kwenye ya kwetu. Inashika mizunguko michache, inakaza, fundi anasikia mkono umegoma anajua imekaa. Anaizungushia tepu nyeupe ya kutosha, wanajaribu maji, pakavu. Anaondoka. Baada ya wiki mbili ukuta unaanza kulowa.

Mteja wangu mmoja wa Singida alinitumia video ya ukuta kama huo. Koki hakuinunua kwangu, aliiona kwenye ukurasa mwingine, nzuri kweli, ya rangi nyeusi, imeandikwa nusu inchi. Nikamwambia, "Dada, nipigie picha ya shingo yake pale inapoingia ukutani." Akanitumia. Imechongwa ½ NPT, inasomeka vizuri kabisa. Nikamuuliza muuzaji anasemaje. Anasema fundi ni mbovu. Na yule fundi, mzee wa watu, alikuwa ameshakatwa hela ya kazi, kaambiwa arudie vigae kwa gharama yake. Nilimwandikia yule dada maelezo marefu amsomee mumewe, wakamlipa mzee nusu ya alichokuwa anadai. Nusu nyingine sijui iliishia wapi.

Hiyo ndiyo sababu naandika haya kwa ukali kidogo. Tukiandika vipimo ovyo, anayelipa mara nyingi siyo muuzaji wala mnunuzi. Ni fundi, ambaye hakuchagua kifaa na hana pa kulalamikia.

Kwa wanaoleta vitu vya bustani vya Kimarekani pia, zile bunduki za kumwagilia maua na viunganishi vya mpira: robo tatu ya mpira wa bustani wa Marekani ina meno 11 na nusu kwa inchi, robo tatu ya kwetu ina 14. Hii afadhali, inagoma mapema, mteja anajua siku hiyohiyo. Ila mzigo unakurudia.

Dawa yake ni herufi moja. Tredi ya Kiingereza iliyonyooka ya kufungia koki na mipira imepokelewa na shirika la viwango la kimataifa, ISO, na inaandikwa G. Ukiona G½ kwenye kifaa au kwenye mchoro wa kiwanda, hiyo ni yetu. Ile inayochongwa kwa kuelekea kuwa nyembamba inaandikwa R. Angalieni jinsi walivyofanya: Wajerumani, Wajapani, Wachina, watu wa milimita tangu zamani, wameiacha tredi ya bomba kwenye inchi na kuipa namba ya kimataifa. Hawakuibadilisha kuwa milimita. Wangeibadilisha, kila bomba lililokwisha kulazwa ukutani lingekosa mwenzake.

Nisieleweke vibaya. Siyo kila inchi ni vita. Runinga ya inchi 32 inapimwa pembe kwa pembe, ni kama sentimita 81, iandike upendavyo, haiingii ndani ya kitu. Stika za kubandika kwenye mizigo, zile tunazoita 4 kwa 6, nyingi ni milimita 100 kwa 150 wakati inchi 4 kwa 6 kamili ni 101.6 kwa 152.4. Nani amewahi kulalamika? Printa inachapa, stika inabandikwa, basi linaondoka. Mbao za mbili kwa nne nazo, Marekani kwenyewe zikisharandwa zinabaki inchi moja na nusu kwa tatu na nusu, wamelizoea jina wanaishi nalo. Mimi nahangaika na vitu viwili tu: vitu vinavyoingiliana, na vitu ambavyo bei yake inatokana na unene.

Vinavyoingiliana ni pamoja na bolti. Bolti ya M8 ina upana wa milimita 8. Ya inchi 5/16 ina 7.94. Tofauti ni 0.06, jicho halioni, na venia ya bei rahisi inaweza kukudanganya. Lakini hatua ya jino kwa M8 ni milimita 1.25, na kwa 5/16 ya kawaida ni kama 1.41. Nati inaingia mizunguko miwili mitatu kisha inagoma, na mwenye nguvu anaikaza mpaka meno yanafutika. Hapa kubadilisha kwa kikokotoo ni kumdanganya mteja kabisa, maana kikokotoo kitakuonyesha 7.94 na wewe utasema "si ni 8 tu". Ukiuza bolti andika M8 × 1.25, au andika 5/16 na idadi ya meno. Usiandike vyote viwili kama vile ni kitu kimoja.

Kwenye unene, mfalme wa vurugu ni geji ya mabati. Geji siyo inchi wala milimita. Ni namba ya foleni, na inakwenda kinyume, namba ikikua bati linakuwa jembamba. Na foleni ziko zaidi ya moja. Kwa jedwali la Waingereza, geji 28 ni milimita 0.376 na geji 30 ni 0.315. Kwa jedwali la Wamarekani la mabati yaliyopakwa zinki, geji 28 ni 0.475 na geji 30 ni kama 0.40. Soma tena hapo. Geji 30 ya Marekani ni nene kuliko geji 28 ya Uingereza! Sasa wewe unaandika "geji 28 kali" na mwenzako "geji 28 kali", bei zenu mbali, mteja anadhani mmoja ni mwizi. Pengine hakuna mwizi, kila mmoja kashika jedwali lake. Pengine mwizi yupo na amejificha nyuma ya neno geji, maana ni neno zuri sana la kujifichia. Ukiandika "unene wa milimita 0.37 pamoja na rangi" hakuna pa kujificha, mteja anakuja na venia yake mlangoni.

Waya vilevile. Ile 2.5 tunayouza siyo upana, ni eneo la shaba, milimita za mraba 2.5. Namba za Kimarekani za AWG zinakwenda kinyume kama geji: 14 ni milimita za mraba 2.08, na 12 ni 3.31. Hakuna inayolingana na 2.5 kamili. Anayeuza nyaya za 14 akisema "hii ni 2.5 ya Marekani" anampa mtu waya mwembamba kwa ajili ya hita ya maji. Sitaki kusema zaidi, mnajua nyumba zinaunguaje.

Kuna wenzetu humu mmeanza kutengenezesha bidhaa zenu wenyewe, mashelfu ya chuma, stendi za nguo, vishikio vya simu vya kwenye bodaboda. Mmevuka hatua ya kununua vya watu, hongereni. Nyie sasa ndio wabunifu, na tatizo hili linahamia kwenu kwa sura nyingine: mchoro.

Mwaka 2003, mwezi wa 12, pale Tokyo Disneyland, kigari cha mchezo uitwao Space Mountain kilikatika ekseli na kuacha reli. Bahati nzuri hakuna aliyeumia. Walipochunguza wakakuta kwamba mwaka 1995 michoro ilihamishwa kutoka inchi kwenda milimita, na ekseli ikawekwa milimita 45. Lakini mchoro wa zamani haukuondolewa. Mwaka 2002 oda mpya ya ekseli ikatoka kwa mchoro wa zamani, zikaja za milimita 44.14. Tofauti haifiki hata milimita moja. Ekseli ikakaa, gari likatembea, ila pengo lililotakiwa kuwa kama milimita 0.2 likawa zaidi ya 1, chuma kikawa kinatikisika kila mzunguko mpaka kikachoka.

Wale ni watu wenye wahandisi na makabati ya mafaili. Wewe mchoro wako uko kwenye simu, umemtumia fundi wa kuchomelea kwa inchi mwezi wa 3, ukamtumia wa pili kwa sentimita mwezi wa 6, na picha zote mbili ziko kwenye gumzo lilelile. Chagua kipimo kimoja. Mimi nashauri milimita kwa sababu haina sehemu, hakuna kusoma moja ya nane na moja ya kumi na sita kwenye tepu wakati jua linazama. Vya kununua dukani, bolti na tredi, vibaki na majina yao. Na ukibadilisha mchoro, futa wa zamani, mwambie na fundi afute kwenye simu yake, mbele yako.

Unene wa plaiwudi nao uko hapohapo. Ya milimita 18 siyo robo tatu ya inchi, robo tatu ni 19.05. Ukichonga mfereji wa 19 ukaingiza ubao wa 18, kabati linacheza kama jino bovu. Agiza ubao kwanza, pima uliofika, ndipo uchonge.

Najua hoja mbili zinakuja. Ya kwanza: "Wateja hawaelewi milimita, wanasema nusu, robo tatu, basi." Kweli. Na mimi sijasema ufute neno nusu. Mteja atatafuta "koki ya nusu inchi", kwa hiyo jina linakaa mbele, kubwa. Kipimo kinakuja nyuma yake, kwa ajili ya fundi atakayesomewa kwa simu. Hata mteja asiyeelewa milimita anajua kupiga picha ya tepu.

Ya pili inatoka kwa wasomi: "Tuache inchi kabisa, sisi ni nchi ya mita." Haya, anza wewe. Nenda kamwambie fundi akuletee soketi ya chuma ya milimita 20.96. Shule tumefundishwa mita, sawa, lakini kuta zetu zimejaa nusu inchi na misumari yetu ni ya inchi tatu na nne. Muuzaji anayekataa neno la mteja wake hatafika jioni.

Basi posti ya koki kwangu inasomeka hivi, mnaweza kuiba: "Koki ya ukutani, nusu inchi. Tredi G½ ya nje, upana wa nje kama milimita 21. Inaingia kwenye elbo ya PPR ya 20 × ½ na kwenye soketi ya chuma ya nusu. Haifai kwa tredi ya NPT." Picha ya kwanza koki yenyewe, picha ya pili venia imeshika shingo na namba inasomeka. Hiyo picha ya pili imenipunguzia maswali kuliko maneno yote niliyowahi kuandika. Mtu alikuwa anauliza, "Bosi, itaingia kwenye bomba langu?" Sasa anatuma picha ya bomba lake na tepu juu yake, tunamaliza kwa ujumbe mmoja.

Na kwa wanaoagiza nje, kabla ya kulipa natuma maswali manne tu: tredi ni G au NPT, saizi mmeandika kwa DN au kwa kipenyo cha nje, nipigieni picha ya kipande kimoja kikiwa kwenye venia, na mchoro unaotumika ni wa tarehe gani. Kiwanda kizuri kinajibu siku hiyohiyo. Kikinijibu "usijali rafiki, zote zinaingia", hela yangu inabaki kwenye simu.